Mwanamke Aliyewezeshwa Hainami

Mama wenzangu wenye mabinti, sogeeni karibu, na anayechambua mchele aendelee kuchambua huku anasikiliza. Kama binti yako anageuza mawe kutazama kilichojificha chini yake, kama anaokota konokono na kuwapa majina, kama mvua ikinyesha yeye anauliza maji yanakwenda wapi badala ya kukimbilia kuanua nguo, basi habari hii ni yako. Mimi nimeishia shule ya msingi, siandiki ili nisifiwe. Naandika kwa sababu naogopa, na mtu akiogopa peke yake anachakaa haraka.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ni nchi nzuri, ina wimbo, ina bendera, na ina serikali inayowapenda wanawake kupita kiasi. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kuwaonya.

Binti yangu anaitwa Kuruthumu, nyumbani tunamwita Kuru. Alisoma sayansi ya mazingira mpaka chuo kikuu, upande wa maji, akaajiriwa Idara ya Mito. Kazi yake niliielewa vizuri kwa sababu haikuwa na maneno mengi: anavaa mabuti ya mvua, anaingia Mto Kihuruma, anainama, anachota maji kwenye chupa, anageuza mawe kuona kama vidudu vya maji bado vipo.

"Mama," aliniambia siku moja, "vidudu vikihama mtoni, na sisi tufungashe."

Na vidudu vilikuwa vimehama. Juu kidogo ya mtaa wetu wa Bondeni kuna kiwanda cha vitenge cha mtu anayeitwa Mwekezaji. Kama ana jina jingine, hajawahi kulihitaji. Rangi zinazobaki kiwandani humwagwa mtoni, kwa hiyo sisi wa Bondeni hatuna haja ya kalenda. Mto ukiwa mwekundu, uchaguzi umekaribia. Ukiwa wa bluu, walimu wana mkutano. Jirani yangu Mama Zaituni anafuga bata, na bata wake hubadilika rangi kufuata sherehe.

Tungeendelea hivyo hivyo tukijikuna, lakini serikali ikatuonea huruma, ikatangaza bomba. Maji ya Kihuruma yaletwe Bondeni, kila nyumba, watoto wanywe wanenepe. Kilichobaki ni mtaalamu wa maji kutamka kuwa maji ni salama. Mtaalamu mwenyewe ni Kuru. Na Kuru alikuwa hajamaliza kupima.

* * *

Hapo ndipo alipoonekana.

Waziri wa Kuwainua Wanawake, Mabonde na Vinginevyo Vilivyo Chini, Mheshimiwa Makwega, alikuwa anavuka daraja na msafara wake. Akachungulia dirishani, akaona mwanamke yuko katikati ya mto, kiuno juu, kichwa chini. Akapiga kelele gari lisimame. Msafara mzima ukasimama, na magari ya nyuma yakabusiana.

"Nani kamwinamisha mwanamke huyu?" aliuliza kutoka darajani.

Kuru akainua uso. "Hakuna mtu, Mheshimiwa. Nachota maji nikapime."

Mheshimiwa akatoa kitambaa, akajifuta jicho moja, lile lililokuwa upande wa kamera. "Mnasikia? Maskini, ameonewa mpaka hajui kama anaonewa!"

"Mheshimiwa, mto uko chini. Usipoinama hufiki."

"Binti yangu," alisema Mheshimiwa, "hayo ndiyo mawazo ya kikoloni. Mbona mimi ni Waziri wa mabonde mwaka wa ngapi huu, na sijawahi kuinama?"

Hapo hapo darajani likatolewa tamko, na kesho yake likawa sheria: Mwanamke Aliyewezeshwa Hainami. Kuinama ni kuonewa, kuonewa ni mwiko, kwa hiyo mwanamke wa sayansi hataonekana tena akiwa amejikunja mbele ya mto, mbele ya udongo wala mbele ya mche wa mti. Wanaume wa Idara ya Mito walipiga makofi sana. Wao hawakuwa wanainama tangu zamani, walikuwa wanakaa tu, lakini walifurahi kupata sheria.

* * *

Kuwezeshwa, jamani, ni kama kuozwa, isipokuwa bwana harusi haji.

Iliundwa kamati ya maandalizi. Ikaundwa kamati ndogo ya chakula, ambayo ndiyo iliyokuwa kubwa. Akatafutwa mshereheshaji, kijana mmoja wa koti linalometameta anayeitwa Emsii Bashasha, ambaye hajui kuzungumza bila kuuliza "mpooo?" Ukumbi ukapambwa. Wanawake wa usafi walifagia sakafu wameinama tangu alfajiri, na walipouliza kama ile sheria inawahusu, waliambiwa hapana, wao bado hawajawezeshwa, waendelee.

Vikachapwa vitenge vyenye sura ya binti yangu. Kiwanda kilifanya kazi mchana kutwa, na mto ukawa zambarau. Kuru alisimama ukingoni akitazama yale maji, kisha akatazama kitenge nilichokuwa nimejifunga.

"Mama, hii rangi ndiyo ninayoitafuta mtoni."

"Mwanangu, lakini umetoka vizuri," nikamwambia. Na kweli alikuwa ametoka vizuri, ila kwa mikato ya fundi sura yake ilikuwa inanikalia hasa pale ninapokalia kiti.

Kuru alikuwa ameandika kuomba vitu vya kazi. Aliomba hadubini, kile chombo cha kuchungulia vidudu ambavyo jicho halivioni. Idara ilikuwa inayo moja tu, na hiyo aliitumia Mkurugenzi kushikia pazia lisipeperuke. Siku ya sherehe Emsii Bashasha akatangaza: "Mpooo? Serikali sikivu imesikia kilio cha dada yetu! Hadubini hiyooo, inaingia!"

Ngoma zikalia. Wakaingia wapishi wanne wamebeba keki yenye umbo la hadubini, ina krimu mpaka kwenye kioo cha kuchungulia. Fungu la vifaa vya maabara lilikuwa limeishia pale, kwenye sukari. Mheshimiwa Makwega akamlisha Kuru kipande, Kuru akamlisha Mheshimiwa, na hadubini ikaliwa yote ukumbini, hata pale pa kuchungulia pakalambwa na Mkurugenzi.

Mimi nilipewa cheo cha Mama Mzazi wa Mwezeshwa, nikavishwa maua shingoni. Sikatai, nilipendeza. Nilicheza hata kwaito.

Kisha wakachukua mabuti yake ya mvua wakayaweka ndani ya kioo, pale Makumbusho ya Taifa, chini ya maandishi: "Mateso Tuliyoyashinda." Na badala ya mabuti wakampa kiti. Kiti hicho, ndugu zangu, kilikuwa kirefu kama kile cha mwamuzi wa tenisi, kina mto wa kukalia wa mahameli, kimesimikwa ukingoni mwa Kihuruma. Ngazi ya kupandia ilishikwa na watu wa itifaki, kwa sababu mtu aliyepandishwa si adabu kushuka ovyo.

* * *

Ikabaki shida moja. Maji yako chini, mtaalamu yuko juu, na bomba linasubiri.

Wizara ikaunda Kamati ya Wanaume Wanaoinama kwa Niaba. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Lusewa, mtu wa tumbo na tai. Walipewa ndoo, kofia na posho. Siku ya kwanza walifika mtoni, wakayatazama maji ya zambarau, wakatazamana wao kwa wao.

"Anza wewe, mkubwa," mmoja akamwambia Lusewa.

"Mimi mgongo. Anza wewe."

"Mimi viatu."

Wakaingia dukani kwa Mama Zaituni, wakanunua maji ya chupa, yale anayouza Mwekezaji mwenyewe, maana ana kiwanda kingine huko mlimani ambako mto bado ni mto. Wakampelekea Kuru juu kwa kamba.

Kuru akaishika chupa, akaigeuza. "Bwana Lusewa, haya mmeyachota wapi?"

"Mtoni, dada."

"Mto wetu una kizibo?"

"Maendeleo hayo, dada. Pima tu."

"Na ni ya baridi. Mto una friji?"

Lusewa akakasirika. "Wewe dada usitudharau! Umewezeshwa, sawa, lakini usitupande kichwani. Tumeinama kwa niaba yako mpaka tumechoka."

Akipima, maji safi. Akikataa kupima, anaitwa semina. Semina zilikuwa hoteli ile kubwa mjini, kila alipotaka kwenda mtoni. Semina ya Changamoto za Mwanamke Anayetaka Kwenda Mtoni. Semina ya Namna ya Kujiamini Ukiwa Mbali na Mto. Wanaume walitoa mada, wanawake walikabidhiwa kalamu na mifuko. Kuru aliniambia alisimama akauliza, "Jamani, kuna mtu yeyote humu aliyewahi kuyagusa yale maji?" Mtoa mada akamshukuru kwa mchango wake mzuri, akasema swali hilo litajibiwa na mto wenyewe muda ukiruhusu.

* * *

Sasa sikilizeni hofu yangu.

Kule milimani alikuwepo mtaalamu mwingine, Yustina wa misitu, msichana mpole anayejua mti kwa kunusa gome. Naye aliwezeshwa. Alipolalamika kuwa kiti chake hakimfikishi kwenye miche, wakamsikiliza, wakakiongeza urefu. Alipolalamika tena, wakakiongeza tena. Mpaka wakati ule alikuwa juu ya mnara wa heshima, ngazi imeondolewa kwa ajili ya usalama wake, na chakula kinapandishwa kwa kamba ya kapi. Chini yake msitu wameshaukata wote. Akaandikiwa pongezi kwa kuwa anaona mbali.

Kwa hiyo Mkurugenzi alipomletea Kuru maneno ya kutamka siku ya kufungua bomba, "Mimi mtaalamu, kwa ujuzi wangu, nasema maji haya ni salama," mimi nililia. Nilimkuta amekaa jikoni na nguo zake za sherehe.

"Tamka, mwanangu. Ni maneno tu. Usipotamka watakupandisha kama Yustina, nitakuwa nakuona kwa darubini kama mwezi."

"Mama, jana umefua nini?"

"Mashuka."

"Yalikuwa rangi gani?"

"Meupe."

"Na sasa?"

Nikachungulia dirishani. Yalikuwa kwenye kamba nje, ya zambarau, yameiva kama zabibu.

"Shuka halina tumbo, mama," alisema. "Watoto wa Bondeni wanayo. Hiyo rangi inaingia kwenye ini na haitoki. Mimi nikitamka, wao watakunywa kwa sababu nimetamka mimi. Watasema, ah, si ni Kuru wa hapa hapa, hawezi kutudanganya."

"Na usipotamka?"

"Watamke wao."

"Wao hawakusoma maji!"

"Ndiyo maana wananihitaji, mama. Wananihitaji mdomo tu. Mikono wameifungia makumbusho."

* * *

Siku ya bomba ilifika. Bondeni nzima tulivaa vitenge vya sura ya Kuru, tukawa tunamtazama yeye kule juu huku yeye anajitazama huku chini, mara mia mia. Meza kuu ilikaa kwa vyeo: Mheshimiwa Makwega katikati, kulia Mwekezaji, kushoto Mkurugenzi, halafu Bwana Lusewa na kamati yake. Walikula pilau kwanza mbele yetu, maana ratiba ilisema hivyo. Bomba lilikuwa limefungwa utepe, na nyuma yake mto unapita kimya, zambarau tupu, umebeba mapovu.

Mheshimiwa alihutubia. "Zamani mwanamke alikwenda mtoni kuchota maji. Ni nani leo anayekwenda mtoni kuchota maji?"

"Sisi," walijibu wanawake wa Bondeni.

"Hakuna!" akajijibu Mheshimiwa. Makofi yakapigwa na meza kuu.

Kisha Emsii Bashasha akainua kipaza sauti kwa ufito mrefu mpaka mdomoni mwa binti yangu. "Mpooo? Sasa mtaalamu wetu, fahari yetu, anatamka!"

Kuru akatazama ufito, akatazama watu. "Ngazi," akasema.

"Aaah, dada, kwenye ratiba ngazi haipo."

Basi Kuru akafunga gauni lake kiunoni, akakumbatia mguu wa kile kiti, akateremka kama mgema anayeshuka na kibuyu chake. Watu wakasema haaa! Mimi nikafumba macho, nikafumbua moja. Alichukua glasi tupu meza kuu, akatembea mpaka ukingoni, akavua viatu vya kisigino vya wizara, akaingia mtoni. Akainama.

Jamani! Mheshimiwa alisimama. Mkurugenzi alisimama. Askari hawakujua wafanye nini, kwa sababu sheria ilisema mwanamke hainami lakini haikusema ukimkuta ameinama unamshika wapi. Emsii Bashasha alijaribu vigelegele, vikamkwama.

Kuru akatoka na glasi imejaa. Akapanda mpaka meza kuu, akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa na bibi zetu, akamnyooshea mgeni rasmi glasi kwa mikono miwili.

"Karibu maji, Mheshimiwa. Ya nyumbani kwetu."

Sasa niwaeleze wasiotoka kwetu. Bondeni, mgeni akipewa maji kwa mikono miwili hakatai. Hata kama ametoka kunywa, anagusa mdomo. Akikataa, ametutukana mpaka waliolala makaburini. Na Mheshimiwa Makwega anatoka kwetu, mama yake alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Akaipokea ile glasi. Atafanyaje?

Akaitazama. Ikamtazama. Ilikuwa na rangi ya sura ya Kuru kwenye vitenge vyetu vyote.

"Nashukuru sana," alisema. "Ila leo nimefunga."

"Tangu lini?" Mama Zaituni akapaza sauti kutoka nyuma. "Tangu paja la pili la kuku?"

Watu wakacheka kwa kuguna. Mheshimiwa, mtu wa itifaki, akaigeuzia glasi kulia: mwenye heshima baada yake ni Mwekezaji. Mwekezaji akaipokea kwa ncha za vidole, akasema daktari wake wa nje amemkataza vimiminika vya ndani. Akampa Mkurugenzi. Mkurugenzi akasema yeye ni mtumishi wa umma, hawezi kunywa kabla ya umma. Akampa Lusewa. Lusewa akasema yeye kazi yake ni kuinama kwa niaba, kunywa kwa niaba kunahitaji kamati nyingine. Glasi ikazunguka meza kuu yote kwa vyeo, ikifika kila mtu anaipongeza na kuisogeza, mpaka ikarudi mikononi mwa binti yangu imejaa vilevile, haijapungua hata tone.

Kuru akawageukia watu. Hakutamka lile tamko wala tamko jingine. Aliinua glasi juu tu ili wote waione ilivyojaa, akarudi ukingoni akayamwaga maji mtoni.

Bomba halikufunguliwa. Taarifa ya serikali ilisema maji ya Kihuruma yalionyesha utovu wa nidhamu mbele ya mgeni rasmi, na yamesimamishwa mpaka yajirekebishe.

* * *

Kuru aliitwa mjini. Nikafunga mizigo yangu nikijua nitahamia chini ya mnara, niwe navuta kapi.

Walimfanyia sherehe ya kumshusha. Ilikuwa fupi, haina keki. Wakamvua taji na mkanda wa begani aliovishwa siku ya keki, wakavikusanya vitenge vyenye sura yake na kuvifanya matambara. Mheshimiwa Makwega akasoma hukumu kwa uchungu: kwa kuwa ameinama hadharani, anaondolewa uwezeshaji wote. Ni marufuku kualikwa semina. Ni marufuku kupewa maua. Atarudishiwa mabuti yake ya aibu. Atapelekwa mtoni kila siku ya kazi, ainame mpaka ashibe, ageuze mawe, achote maji mwenyewe. Na kwa kuwa Mkurugenzi amepata pazia jipya, ile hadubini kuukuu apewe yeye. Tena, ili watu wamcheke, kila anachopima kitabandikwa kwenye ubao pale sokoni Bondeni.

Nililia sana siku ile. Yeye alikula sahani mbili za ugali, akalala kwa amani kama mtoto.

Watu wanakuja sokoni kucheka, wanasoma ubao. Wakishasoma hawacheki, wanakwenda kupanga foleni kiwandani, kwenye lango la Mwekezaji, na wao siku hizi wanabeba glasi. Mwekezaji amejenga ukuta. Wanauzunguka. Huko milimani nako nasikia Yustina amekata kamba ya kapi akateremka nayo, ameonekana akiotesha miche, amepiga magoti yote mawili. Na msichana mmoja wa hewa, na mwingine wa udongo, wameandika kwa Waziri wakiungama kuwa waliwahi kuinama, wanaomba nao waadhibiwe.

Sasa onyo langu. Juzi asubuhi nilisikia tarumbeta. Nikachungulia: gari la wizara, maua, Bwana Lusewa, na Emsii Bashasha amevaa koti jipya, wote wameshasahau kuwa ni wao waliomshusha Kuru. Wamesikia kuwa kuna mwanamke Bondeni anafanya kazi kubwa kwa mikono yake, kwa juhudi zake, bila msaada wa mtu. Wameona si haki. Wamekuja kumwezesha.

"Mama," aliniuliza Emsii, "yule binti mwenye akili za sayansi anaishi hapa?"

Nikajifuta mikono kwenye khanga, nikacheka kijinga.

"Akili gani, baba? Nani kawadanganya? Binti yangu hajui kitu. Yuko huko anachezea matope, si mzima yule."

Wakatazamana wakanipa pole. Bwana Lusewa alinipiga piga begani, akasema kila mzazi ana mtihani wake. Wakageuza gari na maua yao, wakaenda kutafuta mtaa mwingine.

Nilisubiri vumbi litue. Kisha nikafunika bakuli la wali na maharage, nikashuka mtoni kumpelekea mwanangu, na nilipomwona kwa mbali ameinama, kiuno juu, kichwa chini, sikumwita. Nilisimama kwanza nikamlinda.